Mlei akilipwa kwa kufundisha Katekisimu mtandaoni, anauza neema?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mimi ni mlei, yaani si padre wala mtawa, nina mke na watoto. Nilisoma theolojia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katekista parokiani. Nilianza kurekodi mafundisho ya Katekisimu kwa simu na kuyaweka mtandaoni. Watazamaji wameongezeka, na sasa mtandao unaniruhusu kupata kipato kutokana na matangazo. Baadhi yao wananiomba niandae kozi ya kulipia, na wengine hunitumia pesa wakiandika neno moja tu: "niombee". Padre mmoja ameniambia kwamba yote haya ni usimoni, yaani kuuza vitu vya kiroho, maana Bwana alisema, "Mmepata bure, toeni bure." Lakini nawaona mapadre wenye chaneli zenye matangazo. Je, natenda dhambi?

JIBU: Milele na milele, amina. Ndugu yangu, nianze na la msingi ili usome mengine kwa utulivu: kulipwa kwa kazi ya kufundisha dini si usimoni, na kwa asili yake si dhambi. Hata hivyo, kati ya mambo matatu uliyoyataja, moja linanitia wasiwasi kuliko mengine, nalo si matangazo wala kozi. Ni zile pesa za "niombee". Nitalifikia mwishoni, kwa kuwa huwezi kuona tatizo lake kabla ya kuona kwa nini mengine mawili hayana tatizo lilelile.

Tuanze na aya aliyokunukulia padre. Iko katika Mathayo 10:8, na ukiisoma nzima utaona Yesu anawatuma mitume kuponya wagonjwa, kufufua wafu, kutakasa wenye ukoma na kutoa pepo. Hicho ndicho walichopata bure. Aya mbili mbele, katika hotuba hiyohiyo na kwa watu walewale, anawaambia wasibebe dhahabu wala mkoba, "kwa maana mtenda kazi astahili posho lake." Mtu akikuletea aya ya nane, mwombe kwa upole msome pamoja mpaka ya kumi. Bwana hakusema maneno mawili yanayopingana: uwezo wa Mungu hauna bei, na mtu anayezunguka kuuhudumia anapaswa kula.

Mtume Paulo ndiye aliyelichambua jambo hili kwa undani zaidi. Katika sura ya 9 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho anatetea kwa nguvu zote haki ya mhubiri kuishi kwa Injili, anasema Bwana mwenyewe ameagiza hivyo, kisha anatangaza kwamba yeye hajaitumia haki hiyo, asije akaweka kizuizi mbele ya Habari Njema. Wengi huishia hapo na kusema: basi, mwalimu mtakatifu hapokei. Lakini Paulo huyohuyo alipokea msaada kutoka kwa Wafilipi, zaidi ya mara moja, alipokuwa Thesalonike, tena anawasifu kwa hilo. Korintho alikataa, Filipi alikubali. Alichokuwa akipima ni kama pesa, mahali pale na kwa watu wale, ingefungua mlango wa Injili au ingeufunga. Kipimo hicho kinakufaa wewe kuliko sheria ya jumla ya "pokea" au "usipokee".

Kanisa la mwanzo nalo halikuwa na mikono laini katika hili. Didake, maandishi ya Kikristo ya mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, inaagiza kwamba mtume anayepita akiomba fedha ni nabii wa uongo, na kwamba anayesema "katika roho" nipeni fedha asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Na kurasa chache mbele inasema mwalimu wa kweli anastahili chakula chake. Walikuwa wameshawaona matapeli wa dini, na bado hawakumnyima mwalimu posho.

Sasa usimoni. Jina linatokana na Simoni wa Samaria, yule mchawi wa Matendo ya Mitume sura ya 8, aliyetaka kuwapa mitume fedha ili naye awe na uwezo wa kumpa Roho Mtakatifu kila atakayemwekea mikono. Petro alimjibu kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2121, inaueleza usimoni kuwa ni kununua au kuuza vitu vya kiroho, na sababu inayotolewa ni rahisi: haiwezekani kujimilikisha mema ya kiroho na kujifanya mwenye mali yake, kwa kuwa chanzo chake ni Mungu. Huwezi kuuza usichomiliki. Namba inayofuata inasema mhudumu asidai chochote kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na aangalie maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kisha, na hapa wengi hawafiki, namba hiyohiyo 2122 inamalizia kwa kusema mtenda kazi astahili posho lake.

Je, kufundisha ni kitu cha kiroho? Ndiyo, na hapo ndipo padre wako ana hoja ya kweli. Wanasheria wa Kanisa wa karne za kati walikuwa na msemo kwamba elimu ni zawadi ya Mungu, kwa hiyo haiuzwi. Swali lilikuwa zito kwao kwa sababu shule zilikuwa zikiongezeka na walimu walitaka kula. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, ulitoa suluhisho la kiutendaji: kila kanisa kuu limtengee mwalimu riziki ya kumtosha, ili awafundishe bure makleri (wenye daraja takatifu, kama mapadre) na wanafunzi maskini, na mtu yeyote asidai fedha kwa kutoa leseni ya kufundisha. Tazama walivyolipanga jambo lenyewe. Hawakusema mwalimu ashinde njaa. Walisema apewe na Kanisa, ili mwanafunzi asiye na kitu asizuiwe mlangoni.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilijibu swali lako karibu neno kwa neno, katika sehemu ya Suma, kitabu chake kikuu cha theolojia, inayohusu usimoni. Anasema mwenye elimu ambaye hakuwekwa katika ofisi (yaani wajibu rasmi) ya kufundisha anaweza kupokea malipo kihalali, maana hauzi ukweli, anakodisha kazi yake, kama mwanasheria anavyolipwa kwa kazi ya kukushauri na si kwa haki yenyewe. Lakini yule aliyewekwa katika ofisi ya kufundisha na kupewa riziki kwa ajili hiyo, akiwadai tena wanafunzi, anatenda dhambi kubwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalokuuliza ni hili: ukiwa katekista wa parokia, umewekwa katika ofisi gani, na kwa ajili ya nani? Wale unaowaandaa kwa ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara au ndoa ni watu uliokabidhiwa na paroko. Hao huwezi kuwadai chochote kwa mafundisho hayo, hata kama parokia haikupi posho yoyote. Kama hulipwi, dai lako ni kwa parokia, si kwa mkatekumeni. Na hapo sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kanuni 231 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983 inasema walei wanaojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa, ya kudumu au ya muda, wana haki ya malipo ya heshima yanayolingana na hali yao, yatakayowawezesha kukimu mahitaji yao na ya familia zao. Kanuni 1286 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wawalipe wafanyakazi ujira wa haki. (Niseme tu, kwa kuwa nimeulizwa kuhusu maadili: ni rahisi sana kumwonya katekista juu ya tamaa ya fedha katika jimbo ambalo halijawahi kuketi na kuhesabu linamdai nini.)

Kuna jambo dogo hapa ambalo walimu wengi hawalioni. Hata kama kozi yako ya mtandaoni ni halali kabisa, usiitangaze katika darasa la wakatekumeni. Wewe ndiye unayemwambia paroko kwamba fulani yuko tayari. Mtu anayekutegemea kwa neno hilo hawezi kukukatalia kwa uhuru. Atanunua kozi akidhani ni sehemu ya maandalizi, nawe utakuwa umetoza sakramenti bila kutaja bei.

Nje ya ofisi hiyo uko huru zaidi. Video uliyoitengeneza usiku, kwa vifaa vyako, kwa watu ambao hukukabidhiwa, ni kazi yako. Umeisoma, umeandika, umerekodi, umehariri. Kanisa lenyewe limeishi na jambo hili kwa muda mrefu. Mwenye heri Giacomo Alberione alipoanza kazi yake mwaka 1914 kule Alba, Italia, aliianzisha kama shule ya uchapaji, na mashirika yaliyotokana naye yameuza vitabu vya dini duniani kote bila mtu kuwaita Simoni. Karatasi, wino na mshahara wa mchapaji hulipwa. Kati ya 1952 na 1957, Askofu Fulton Sheen alifundisha kwenye televisheni nchini Marekani katika kipindi kilichodhaminiwa na Admiral, kampuni ya kutengeneza televisheni. Mafundisho ya askofu yaliandamana na tangazo la biashara, na malipo yake aliyaelekeza kwenye misioni, kupitia shirika la uenezaji wa imani alilokuwa akiliongoza nchini humo. Kwa hiyo tangazo kukaa kando ya fundisho si uvumbuzi wa vijana wa simu.

Umesema unawaona mapadre wenye chaneli. Usijipime kwao, kwa sababu sheria yao si yako. Kanuni 286 inawakataza makleri kufanya biashara, wao wenyewe au kupitia wengine, kwa faida yao au ya wengine, isipokuwa kwa ruhusa ya mamlaka halali ya Kanisa. Padre kulipwa kwa kitabu au kwa semina si lazima kuwe biashara, lakini akianza kuendesha duka lenye bidhaa, wafanyakazi na faida, anahitaji ruhusa. Padre wa jimbo anaweza kumiliki mali, ila kanuni 282 inamwita kwenye maisha ya kawaida na kumwomba kinachozidi akitumie kwa manufaa ya Kanisa na matendo ya huruma. Mtawa mwenye nadhiri ya ufukara ni hadithi nyingine kabisa: anachopata kwa bidii yake mwenyewe ni mali ya shirika, ndivyo inavyosema kanuni 668. Kwa hiyo chaneli mbili zenye tangazo lilelile zinaweza kuwa na maadili tofauti, kutegemea aliyeko mbele ya kamera ni nani. Wewe mlei una haki ya kufanya kazi na wajibu wa kulisha watoto, na hakuna kanuni inayokuzuia kuchuma.

Tuje kwenye kozi. Ningekushauri utenganishe kati ya kile ambacho mtu anakihitaji ili aamini na kuokoka, na kile kinachomsaidia kuzama zaidi. Kanuni ya Imani, sakramenti, amri, sala: haya yabaki wazi, bila malipo, tena yawe kazi yako bora na si chambo cha kuvutia wateja. Historia ya mitaguso, mbinu za kusoma Waraka kwa Waebrania, mafunzo kwa makatekista wenzako yenye mazoezi unayoyasahihisha moja moja, haya yanaweza kulipiwa. Mwanafunzi analipia muda wako na usahihishaji wako. Na weka mlango wa nyuma: asiyeweza kulipa aandike tu kwamba hawezi, aingie. Usimwombe barua ya kuthibitisha umaskini wake. Wapo watakaokudanganya, na ni afadhali udanganywe na wachache kuliko kumwaibisha mmoja.

Maneno ya kuitangaza kozi nayo yana uzito, pengine kuliko bei. Ukiandika "jifunze Barua ya Yakobo kwa wiki sita", umeuza kazi. Ukiandika "lipia ujue siri ambayo hukuambiwa kanisani", umesema uongo, kwa sababu ufunuo wa Mungu kwa watu wote umekamilika katika Kristo na hauna chumba cha siri kinachofunguliwa kwa malipo. Na ukiandika "wanachama wa daraja la juu watapata baraka maalumu", hapo umevuka mstari. Hapo Simoni amerudi, safari hii akiwa upande wa muuzaji. Usitoe pia cheti kinachofanana na cha Kanisa. Kanuni 216 inasema hakuna shughuli inayoweza kujiita "Katoliki" bila ridhaa ya mamlaka halali ya Kanisa. Hiyo inahusu jina la chaneli yako. Na ukitaka kuchapa katekisimu, kanuni 827 inadai kibali cha askofu wa mahali. Ongezea na hili la kidunia: maandiko ya Mapapa, tafsiri za Biblia na vitabu vya liturujia vina hakimiliki. Kusoma Katekisimu nzima kwa sauti na kuiuza kama kozi yako si usimoni, ni kutumia mali ya mtu mwingine.

Kuhusu matangazo sina mengi ya kukukataza, ila angalia yanayotangazwa. Mfumo huchagua tangazo kwa kufuata maneno ya video yako, na video juu ya sala inaweza kuvuta tangazo la mpiga ramli au la kamari. Mitandao mingi humwezesha mwenye chaneli kuzuia aina fulani za matangazo. Zizuie, hata kama zinalipa zaidi. Video ya sala yenyewe, kama Rozari au Njia ya Msalaba, ningeiacha bila tangazo kabisa. Hakuna kanuni inayotaja jambo hilo. Ni adabu tu: mtu yuko kwenye fumbo la tatu la uchungu, halafu anakatizwa na mauzo ya magodoro.

Lakini matangazo yana hatari nyingine, nayo naihofia sana kwako, kwa sababu haimfanyi mtu ajione mwizi. Mtakatifu Gregori Mkuu alifundisha kwamba malipo ya usimoni ni ya namna tatu: ya mkono, yaani fedha, ya utumishi, yaani kutumikiwa na kujipendekezewa, na ya ulimi, yaani sifa. Thoma wa Akwino anaikubali orodha hiyo. Fikiria, mwishoni mwa karne ya sita Papa alishaona kwamba mtu anaweza kuuza mambo ya Mungu kwa malipo ya kusifiwa, bila kugusa sarafu hata moja. Mtandao umeyaunganisha malipo ya mkono na ya ulimi yakawa kitu kimoja, kwa kuwa kadiri unavyosifiwa ndivyo unavyolipwa. Na watu hawasifii vitu vyote sawasawa. Video ya kueleza neema inayotia utakatifu itatazamwa na wachache. Video yenye kichwa "Askofu huyu ameasi" au "Siku tatu za giza ziko karibu" itatazamwa na umati. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwalimu wa dini akisifiwa hutia hofu na hasira, maana ndivyo vinavyouzika.

Kanisa liliwahi kuumia hapo. Wahubiri wa rehema (yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) wa karne ya 16, ambao Johann Tetzel ndiye anayekumbukwa zaidi, walifanya kazi katika mpango ambao mafanikio ya mahubiri yalipimwa kwa sanduku la fedha. Mafundisho juu ya rehema hayakuwa na kosa katika vitabu; yalipinda kwenye mimbari, kwa sababu kilichokuwa kikipimwa ni sarafu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, haukuishia kuwaonya wakusanyaji hao. Uliifuta ofisi yao kabisa, ukisema hakuna tumaini lililobaki la kuwarekebisha. Kisha Desemba 1563 ukaamuru faida zote mbaya zinazotafutwa katika rehema ziondolewe. Maaskofu wale walielewa kwamba kuna mipangilio ya malipo ambayo hata mtu mwema akiingizwa humo atapinda.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu ambao pesa haiwezi kuufikia. Panga mada za miezi ijayo kabla ya kutazama takwimu za miezi iliyopita, ukifuata mwaka wa liturujia au mpangilio wa Katekisimu yenyewe. Mpe mtu mmoja mwenye elimu, ikiwezekana padre, ruhusa ya kukwambia "video hii ishushe", na umtii bila kumwonyesha ilivyotazamwa na wangapi. Mwaka 2023 idara ya Vatikani inayoshughulikia mawasiliano ilitoa tafakari ya kichungaji juu ya mitandao ya kijamii, ikikumbusha kwamba kadiri wafuasi wanavyoongezeka, wajibu nao unaongezeka. Ningetamani kila mwenye chaneli ya dini aisome kabla ya kujaza fomu ya kupokea malipo.

Michango ya hiari ni jambo la heshima, na Wagalatia 6:6 inamtaka mwanafunzi amshirikishe mwalimu wake katika mema yote. Ila sema waziwazi inakwenda wapi. Kama ni ya kukusaidia wewe na familia yako, sema hivyo bila haya. Usiseme "kwa kazi ya Mungu" halafu ukalipia karo ya mtoto. Karo ya mtoto ni matumizi mema, lakini mtoaji ana haki ya kujua. Kanuni 1267 inaagiza sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Na siku utakapotaka kuchangisha kwa ajili ya kujenga kigango au kusaidia seminari, simama kwanza: kanuni 1265 inawakataza watu binafsi kuchangisha kwa ajili ya taasisi au lengo lolote la Kanisa bila ruhusa ya maandishi ya askofu au mkubwa wao halali, pamoja na ya askofu wa mahali. Nia njema haitoshi, ruhusa ya mdomo haitoshi.

Sasa zile za "niombee". Sala yako si sakramenti, lakini ni tendo la kiroho, na kufanya mapatano ya kulipwa kwa tendo la kiroho ni usimoni kwa maana kamili ya neno. Hapo padre wako anakaribia kabisa kuwa sahihi. Kinachokuokoa, kwa sasa, ni kwamba hukudai na hakukuwa na mapatano. Mtakatifu Thoma anaeleza kwamba wanaotoa sadaka ili waombewe hawanunui sala; kwa ukarimu wao wanaiamsha mioyo ya wengine iwaombee bure na kwa upendo. Hiyo ndiyo tafsiri njema ya mtu anayekutumia pesa. Lakini je, ndivyo anavyoelewa yeye? Wengi wanaotuma namna hiyo wako katika shida: mgonjwa, mwenye kesi, aliyekosa kazi. Wameshaona mahali pengine kwamba sala hutangulizwa na muamala. Usipowaambia kinyume, ukimya wako unawafundisha teolojia mbovu kuliko video zako zote nzuri.

Kanuni 947 inataka hata sura tu ya biashara iondolewe kabisa katika sadaka za Misa. Inahusu Misa, ila busara yake inafaa hapa. Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 7 Machi 2018, alisema Misa hailipiwi, kwa kuwa ukombozi ni wa bure. Anayetaka kutoa sadaka atoe, lakini hailipiwi. Aprili 2025 Baraza la Kipapa la Wakleri lilitoa amri nyingine juu ya nia za Misa, kwa hiyo usidhani suala hili limezikwa na karne za kati. Kama Kanisa linakuwa makini hivyo na sadaka ambayo lenyewe limeiruhusu na kuipangia kiwango, wewe ambaye hujaruhusiwa kitu una sababu zaidi ya kuwa makini.

Fanya hivi. Namba ya kutumia pesa isikae ukurasa mmoja na mahali pa kuandika nia za maombi. Andika pale juu, kwa maneno yasiyo na mzunguko, kwamba kila nia itaombewa na kwamba hakuna malipo. Usisome hewani majina ya waliotoa kabla ya wasiotoa. Usisome majina ya waliotoa kabisa. Anayetuma pesa pamoja na nia, mjibu: nitakuombea, na pesa hii sikuihitaji kwa hilo, je, nikurudishie, au umependa kusaidia kazi ya mafundisho? Wengi watakwambia ubaki nayo. Wachache watairudisha mfukoni kwa faraja, kwa sababu ilikuwa ya dawa.

Mrudie na yule padre. Usiende kumshinda kwa kanuni nilizokutajia. Mweleze kozi, matangazo na michango kama ulivyonieleza mimi, mwonyeshe hesabu, umwombe akuunganishe na ofisi ya jimbo kuhusu jina la chaneli. Akiendelea kukwazika na matangazo, kumbuka Paulo wa Korintho: unaweza kuwa na haki na bado ukaamua kuiacha kwa muda, mahali fulani, kwa ajili ya watu fulani. Hilo ni lako kuamua na mkeo, kwa sababu chakula cha nyumbani kinamhusu yeye pia.

Na leo hii, kabla ya lolote, pitia ujumbe wote uliokwisha kupokea. Walioandika "niombee", waombee. Kama kati yao yupo aliyeandika "Misa ya marehemu fulani", pesa hiyo si yako hata senti moja. Mkabidhi padre yote kamili, pamoja na jina na nia, kisha umjulishe aliyetuma ni padre gani ameipokea.